Taji la Mbali, Boma la Karibu: Maafisa wa Kikoloni na Wenyeji katika Nchi ya Lugarawa

Lugarawa imo katika nchi ya Wapangwa, kwenye milima ya wilaya ya Ludewa, mkoani Njombe. Magharibi ardhi inateremka kwa ukali hadi Ziwa Nyasa. Kusini unapita mto Ruhuhu, na ng'ambo yake ni Ungoni. Kaskazini ni Ubena, na njia iendayo Njombe mjini hadi Makambako. Tangu miaka ya 1890 hadi 1962 nchi hii ilihesabiwa kuwa chini ya mataji mawili ya Ulaya, kwanza la Kaizari wa Ujerumani, kisha la Mfalme wa Uingereza. Katika muda huo wote hakuna Kaizari wala mfalme aliyekanyaga Upangwa. Waliokuja ni watumishi wao: makapteni, maluteni, mabwana shauri na makarani. Kila afisa wa Kizungu alikuwa amekula kiapo kwa mtu aliyekaa mbali, na cheo chake kilipanda au kushuka kwa hukumu ya wakubwa waliokaa Dar es Salaam, Berlin au London. Wapangwa, Wabena na Wakinga aliowatoza kodi na kuwahukumu hawakuwa na njia yoyote ya kumwajibisha. Mengi yaliyowapata watu wa nyanda hizi yanaeleweka vizuri zaidi yakitazamwa kutoka hapo.

Kabla ya maboma, Wapangwa hawakuwa na mtawala mmoja. Waliishi kwa koo, kila ukoo na mkuu wake, kila bonde na mambo yake. Walisifika kwa ufuaji wa chuma, kwa kuwa milima ya Liganga ina mawe ya chuma kwa wingi, na majembe yaliyofuliwa Upangwa yalifika nchi za jirani. Chuma hakikuwakinga dhidi ya majirani wenye majeshi. Wangoni, waliofika kutoka kusini katikati ya karne ya 19, waliwashambulia mara kwa mara, wakachukua mateka na kuwatia wengi katika jamii yao. Kaskazini Wahehe walikuwa wakipanuka. Vita vya Mgodamtitu kati ya Wahehe na Wabena, katika miaka ya 1870, vilimfanya Mtengela, mkuu wa Wabena, na watu wake wahamie bonde la Kilombero, ambako ukoo wa Kiwanga ulitawala baadaye. Kwa hiyo Wajerumani walipoingia waliikuta nchi yenye madeni mengi ya damu, na kila mkuu alikuwa akipima kama mgeni huyu angemfaa dhidi ya jirani. Anayewaita wakuu hao wasaliti au mashujaa bila kuutazama upimaji huo anawaonea.

Utawala wa Wajerumani ulianza kama biashara ya watu binafsi. Carl Peters alikusanya mikataba katika nchi za nyuma ya pwani mwishoni mwa 1884, na tarehe 27 Februari 1885 Kaizari Wilhelm I alitia saini barua ya ulinzi. Baada ya vita vya pwani, serikali yenyewe ilichukua utawala tarehe 1 Januari 1891. Kisheria, mamlaka yote katika makoloni yalikuwa ya Kaizari, ambaye aliyatumia kwa niaba ya dola. Bunge la Berlin lilikuwa na kauli juu ya fedha, lakini gavana na maafisa wa jeshi la ulinzi walikuwa watu wa Kaizari. Afisa alivaa sare yake, akapandisha bendera yake, na tarehe 27 Januari ya kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa Wilhelm II, maboma yote yalifanya gwaride na wakuu wa nchi waliitwa kushuhudia.

Uaminifu huo ulilipwa, na wakati mwingine ulimfunika mtu makosa yake. Peters mwenyewe ni mfano ulio wazi. Akiwa kamishna wa Kaizari huko Kilimanjaro mwaka 1891 na 1892, aliamuru wanyongwe mtumishi Mabruk na msichana Jagodja, aliyekuwa amefanywa suria wake. Habari zilipofika bungeni zilizua ghadhabu, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ilimfukuza kazi. Lakini Wilhelm II alimrudishia cheo chake cha heshima miaka michache baadaye, na mwaka 1914 akampa pensheni kutoka fuko lake binafsi. Afisa kijana aliyesikia habari hizo katika boma la mbali alijifunza kwamba bunge lingeweza kulaani, na taji likasamehe.

Katika nyanda za juu kusini, jina lililokumbukwa zaidi lilikuwa la Tom von Prince, ambaye Waafrika walimwita Bwana Sakarani. Alizaliwa Mauritius, baba yake akiwa Mwingereza na mama Mjerumani, kisha akachagua kulitumikia taji la Ujerumani. Alipofika Uhehe, Wajerumani walikuwa na aibu ya kulipiza. Tarehe 17 Agosti 1891, huko Lugalo, jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilikuwa limekivunja kikosi cha Emil von Zelewski na kumuua Zelewski mwenyewe. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana von Schele aliiteka ngome ya Kalenga, na Prince alikuwamo. Mwaka 1896 Prince alianzisha boma la Iringa, akaanza kumwinda Mkwawa, na zawadi ya rupia 5,000 ikatangazwa kwa kichwa cha Mkwawa.

Njia aliyotumia Prince inaonyesha jinsi maafisa hao walivyouelewa uaminifu wa Mwafrika. Mwishoni mwa 1896 alimsimika Mpangile, ndugu wa Mkwawa, awe mtawala wa Wahehe chini ya Kaizari. Wiki chache baadaye alimshuku kwamba anawasiliana na ndugu yake, na mwezi Februari 1897 akamwua. Mpangile alitakiwa kuwa mtwa, yaani mtawala, kwa watu wake na mtumishi kwa boma kwa wakati mmoja, na shaka peke yake ilitosha kumtoa uhai. Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898 ili asikamatwe akiwa hai, na kichwa chake kilikatwa. Prince alipata sifa huko Ujerumani, akapewa cheo cha ukabaila, na akafa vitani Tanga mwezi Novemba 1914.

Waliosimama na Wajerumani dhidi ya Wahehe walipata faida ya wazi. Merere wa Usangu, ambaye watu wake walikuwa wamesukumwa hadi Usafwa na Wahehe, alisaidiwa kurudi Utengule. Kiwanga wa Kilombero alipata hadhi na ulinzi. Kwa wakuu hawa, bendera ya Kaizari ilikuwa silaha katika ugomvi wa zamani. Maafisa waliwaandika katika ripoti kama watu waaminifu wa serikali, nao walikuwa waaminifu kwelikweli, kwa sababu zao wenyewe.

Boma la Songea lilijengwa mwaka 1897, na baadaye boma la Langenburg likahamishiwa Tukuyu. Upangwa ukawa katikati, milimani, mbali na maboma yote matatu ya Iringa, Songea na Tukuyu. Umbali huo haukuwa uhuru. Afisa mmoja au wawili, na kikosi cha askari Waafrika wengi wao kutoka nchi nyingine, walitakiwa kusimamia nchi ya mwendo wa siku nyingi kwa miguu. Kazi ya kila siku ilifanywa na majumbe na askari waliotumwa kukusanya kodi, na mara nyingi mtu wa mlimani alimjua askari bila kumwona afisa kamwe. Kodi ya nyumba, iliyoamriwa mwaka 1897, ilikuwa rupia tatu kwa nyumba ya shamba. Asiyekuwa na fedha alilipa kwa kazi. Katika nchi ambayo rupia ilikuwa kitu kigeni, amri hiyo ilimaanisha kubeba mizigo, kujenga barabara, au kuondoka nyumbani kwenda kuitafuta sarafu.

Adhabu ya viboko ilikuwa uti wa mgongo wa utawala huo. Amri ya mwaka 1896 kutoka Berlin iliweka kikomo cha viboko 25 kwa mara moja, vikarudiwa mara moja tu baada ya siku kumi na nne. Kikomo hicho ndicho kilichoacha jina katika Kiswahili cha wazee wa Tanzania: hamsa ishirini. Amri iliandikwa ili kuwazuia maafisa, lakini bomani ilitumika kama kipimo cha kawaida. Daftari za adhabu ziliandikwa vizuri na kupelekwa Dar es Salaam, na kwa taji utawala wenye daftari safi ulikuwa utawala mwema.

Wamisionari walikuwa kundi la pili la Wazungu, na uhusiano wao na taji haukuwa wa namna moja. Wa Berlin, Walutheri wa Prussia, waliingia kutoka upande wa Ziwa Nyasa mwaka 1891 na kupanua vituo vyao Ukinga na Ubena. Kidugala, Yakobi na Lupembe vikawa maarufu, na Milo ikafuata Upangwa. Wabenediktini walianzisha Peramiho mwaka 1898. Wamisionari waliwaombea Kaizari na nyumba yake katika ibada, lakini pia waliwaandikia wakubwa barua za kulalamikia askari na majumbe. Kwa watu wa vijijini tofauti hiyo haikuonekana sana. Mmisionari alikuwa na ardhi, aliita watu kazini, na alipokea waliokimbia mamlaka ya wakuu wao.

Hayo yote yalikutana mwaka 1905. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai, vikavuka Liwale, na mwezi Agosti Askofu Cassian Spiss wa Wabenediktini aliuawa pamoja na wenzake. Omari Kinjala alileta dawa ya maji Ungoni, na kutoka huko vita vikapanda milimani. Tarehe 19 Septemba 1905 Wabena wa mkuu Mbeyela wakiwa pamoja na Wangoni wa Mshope walishambulia kituo cha Yakobi. Mmisionari Paul Gröschel alijihami kwa bunduki chache pamoja na Wakristo waliokimbilia humo, na maelfu ya mashujaa walirudishwa nyuma. Wapangwa waliingia vitani, na wamisionari wa Milo walilazimika kuondoka.

Maafisa walipoandika sababu za vita hivi waligawanyika, na mgawanyiko huo unafundisha mengi. Gavana von Götzen na wasaidizi wake walisisitiza uchawi na hila za waganga, kana kwamba raia walioridhika walikuwa wamepotoshwa. Wengine, pamoja na baadhi ya wamisionari na wabunge, walitaja kodi, kazi za lazima na ukatili wa maakida. Maelezo ya kwanza yalimlinda gavana mbele ya Kaizari. Kwa afisa aliyekuwa na wajibu kwa taji, uasi uliosababishwa na mganga ulikuwa bahati mbaya, lakini uasi uliosababishwa na kodi yake ulikuwa kosa lake.

Ukandamizaji ulifanywa kwa mikono miwili. Kwanza ulikuwa wa bunduki. Kapteni Nigmann alitoka Iringa kwenda kuokoa vituo na kufika Songea, na baadaye Meja Johannes alichukua uongozi wa vita upande wa kusini. Tarehe 27 Februari 1906 Wangoni wengi walinyongwa Songea, mtawala wao Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao, na Songea Mbano alinyongwa naye baada yao. Shabruma wa Mshope alivuka kuingia nchi ya Wareno na kuuawa huko. Mkono wa pili ulikuwa njaa, na huo ndio ulioumiza zaidi milima ya Upangwa. Mapigano ya wazi yalipokwisha, watu walijificha mapangoni na misituni, na makapteni waliona kwamba risasi peke yake haitawatoa. Vijiji vilichomwa, maghala yakaporwa, mashamba yakaharibiwa, na kazi ya kilimo ikazuiwa hadi watu watakapojisalimisha. Hii ilikuwa sera iliyofikiriwa na kuandikwa. Waliokufa kwa njaa Upangwa hawakufa kwa ukame.

Takwimu rasmi za Wajerumani zilitaja Waafrika 75,000 waliokufa katika eneo zima la vita. Wanahistoria wa baadaye, hasa Gilbert Gwassa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikadiria 250,000 hadi 300,000. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15 na Waafrika 389 waliokuwa askari na wasaidizi wao. Maafisa walioongoza kampeni hiyo walipata nishani. Kwa watu wenye heshima yoyote kwa uhai, kuweka tarakimu hizo pamoja na nishani hizo katika aya moja ni jambo zito, lakini ndivyo zilivyokwenda pamoja.

Baada ya vita, Götzen aliondoka mwaka 1906 na Albrecht von Rechenberg akachukua ugavana. Rechenberg alikuwa mtumishi wa taji kama mtangulizi wake, ila aliuelewa utumishi huo tofauti. Kwake koloni tulivu lenye wakulima wanaouza mazao yao lilikuwa na faida kubwa kwa dola kuliko koloni la walowezi na viboko. Bernhard Dernburg, mkuu wa ofisi ya makoloni huko Berlin, alitembelea nchi mwaka 1907 na kumuunga mkono. Walowezi walimchukia Rechenberg, wakamshtaki katika magazeti yao kwamba anawapendelea Waafrika. Nafuu aliyoleta ilikuwa ya kweli mahali pengi, lakini Upangwa ulikuwa umepoteza watu wengi mno kuweza kuifaidi upesi, na mashamba yaliyoachwa yaligeuka pori.

Vita Vikuu vya Kwanza vilianza kwenye Ziwa Nyasa kabla watu wengi wa milimani hawajasikia kwamba vipo. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Rhoades, iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilipokuwa ikitengenezwa Sphinxhaven, karibu na Liuli ya leo. Nahodha wa meli hiyo ya Wajerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa miaka mingi na hakujua kwamba mataji yao yamekwisha kutangaziana vita. Simulizi hii hupendwa na waandishi wa Kiingereza kama kichekesho. Kwa Wapangwa wa Lupingu na kando ya ziwa ilikuwa mwanzo wa miaka minne ya kuchukuliwa upagazi, mara na Wajerumani, mara na Waingereza.

Mwezi Mei 1916 kikosi cha Jenerali Edward Northey kilivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kikateka Tukuyu, kikaendelea hadi Njombe, na mwezi Agosti kikaingia Iringa. Mapigano ya Malangali, Lupembe na Mkapira yalifanyika katika nchi ile ile iliyokuwa bado inajikusanya baada ya njaa ya Maji Maji. Wanaume walibeba mizigo ya pande zote mbili na wengi hawakurudi. Paul von Lettow-Vorbeck alipitia tena Ungoni na Ubena mwezi Oktoba 1918, akamwacha Jenerali Wahle mgonjwa huko Ubena, kisha akaelekea Rhodesia. Wilhelm II aliacha kiti tarehe 9 Novemba 1918. Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa kwa vita tarehe 13, na kusalimu amri huko Abercorn tarehe 25. Kwa zaidi ya wiki mbili jeshi hilo lilikuwa chini ya silaha kwa ajili ya taji ambalo halikuwapo tena.

Utawala wa Waingereza ulikuwa na msingi mwingine wa kisheria, na tofauti hiyo ilihusu moja kwa moja swali la utii. Tanganyika haikuwa koloni la taji. Ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Shirikisho la Mataifa, na Uingereza ilithibitishwa kuwa mdhamini mwaka 1922. Mwenyeji wa Lugarawa hakuwa raia wa Mfalme George V. Alihesabiwa kuwa mtu aliye chini ya ulinzi wake. Sheria ya ardhi ya mwaka 1923 iliitangaza ardhi yote kuwa ya umma, iliyo chini ya usimamizi wa gavana kwa manufaa ya wenyeji. Nchini Kenya, sheria za mwaka 1902 na 1915 ziliitangaza ardhi kuwa ya taji, na walowezi wakagawiwa nyanda nzima. Udhamini haukuzuia walowezi kuja Iringa na Mufindi, lakini uliwapa Waafrika wa Tanganyika ngao ya kisheria ambayo Wakikuyu hawakuipata. Hata hivyo bwana shauri wa Njombe aliapa kwa mfalme, akapandisha bendera ya Uingereza, na akaadhimisha siku ya kuzaliwa kwa mfalme kwa gwaride na michezo ya shule. Shirikisho la Mataifa lilipelekewa ripoti kila mwaka. Mwanakijiji hakupata kuliona.

Donald Cameron, aliyekuwa gavana kuanzia 1925 hadi 1931, alileta kutoka Nigeria mfumo wa kutawala kupitia wakuu wa wenyeji. Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1926 iliwapa wakuu mahakama, hazina na mshahara. Cameron aliamini kwa dhati kwamba Mwafrika anapaswa kuendelezwa katika taratibu zake mwenyewe, na kwamba utii wa mkuu kwa serikali ungekuwa imara kama heshima yake kwa watu wake ingehifadhiwa. Lakini maafisa wa wilaya walipewa amri iliyodhani kwamba kila kabila lina mipaka na lina mkuu mmoja. Mwaka 1926 uongozi wa jimbo ulielekeza kwamba kila kabila liwekwe chini ya chifu wake. Njombe ilikuwa na Wabena, Wapangwa, Wakinga, Wawanji na wengine, na wengi wao walikuwa wamezoea wakuu wadogo wengi. Mwanahistoria James Graham, aliyechunguza kumbukumbu za wilaya ya Njombe, alionyesha jinsi machifu na makabila yalivyotengenezwa mezani kwa bwana shauri.

Kwa Wapangwa hili lilikuwa badiliko kubwa. Ukoo uliokuwa sawa na koo nyingine uliweza kujikuta juu yao kwa sababu mmoja wa wazee wake alijieleza vizuri barazani. Afisa alitafuta mtu wa kumjibu, na aliyempata alilazimika kukusanya kodi. Chifu asiyeileta kodi kwa wakati alikuwa chifu mbovu katika ripoti ya mwaka, hata kama watu wake walimpenda. Aliyeileta yote alisifiwa, na minong'ono ya watu wake haikuandikwa. Afisa naye alihamishwa baada ya miaka miwili au mitatu, mara nyingi pale tu alipokuwa ameanza kuielewa nchi, na mrithi wake alianza upya na faili.

Ukoo wa Mbeyela unaonyesha jinsi kipimo cha utii kilivyobadilika na taji. Mbeyela aliyeongoza shambulio la Yakobi alikuwa adui wa Kaizari. Chini ya Waingereza ukoo wake ulipewa tena madaraka juu ya Wabena. Iringa nako, Sapi mwana wa Mkwawa alirudishiwa utawala wa Wahehe mwaka 1926. Kupinga Wajerumani kulikuwa sasa ushahidi wa damu ya kutawala, na Waingereza walipata kwa wakuu hao heshima ambayo wao wenyewe hawakuwa nayo.

Kodi iliendelea kuwa jambo kuu la kukutana kati ya boma na mlima. Upangwa haukuwa na zao la kuuza kwa fedha nyingi, na barabara zilikuwa mbovu. Vijana waliondoka: wengine kwenda machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, wengine kwenye mashamba ya katani ya Tanga na Morogoro. Kuanzia mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya katani kiliendesha ofisi ya kuajiri, iliyojulikana kama SILABU, na malori yalibeba manamba kutoka Njombe kupitia Makambako. Serikali ilisema kazi hiyo ilikuwa ya hiari. Lakini maafisa walijua, na waliandika, kwamba wilaya kama Njombe ililipa kodi kwa kuwatoa watu wake. Hapa uaminifu kwa taji na wema kwa wenyeji viligongana kila mwaka, na kodi ilishinda kila mwaka. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mahitaji yalizidi. Vijana wa nyanda za juu walijiunga na Keya, jeshi la Waingereza la askari Waafrika, na kupigana mbali, Ethiopia, Madagascar na Burma.

Lugarawa yenyewe ilipata kujulikana kwa njia ya misheni. Wabenediktini wa Peramiho, waliofukuzwa kama raia wa adui baada ya vita vya kwanza, walirudi, na kazi yao ikaenea Ubena na Upangwa. Abate wao, Gallus Steiger, alikuwa Mswisi, na wakati Wajerumani wengi walipowekwa kizuizini kuanzia 1939 kwa kuwa raia wa taifa lililo vitani na mfalme, Waswisi waliweza kuendelea na kazi. Wamisionari wa Berlin hawakuwa na bahati hiyo. Uraia wa mtu ulihesabika kuliko miaka aliyokaa, lugha aliyojifunza au watoto aliowabatiza. Lugarawa ikapata kanisa na shule, na Hospitali ya Mtakatifu Yohana ambayo bado inahudumia wilaya hiyo. Katika miaka ambayo boma lilikuja kudai, misheni ilikuwa mahali pa karibu pa kutibiwa na kusoma.

Gavana Edward Twining, aliyetawala kuanzia 1949 hadi 1958, alipenda fahari ya ufalme kuliko magavana wote waliomtangulia. Mwaka 1954 alirudisha Kalenga fuvu lililotajwa kuwa la Mkwawa na kumkabidhi Chifu Adam Sapi katika sherehe kubwa, na mwaka 1956 Binti Mfalme Margaret alizuru Tanganyika. Twining alitumaini machifu wangekuwa ukuta dhidi ya chama cha TANU, kilichozaliwa Julai 1954. Katika miaka hiyo hiyo mashamba makubwa ya miwati yalipandwa kando ya mji wa Njombe na shirika la maendeleo ya makoloni, na watu wa vijijini walipata mshahara karibu na nyumbani kwa mara ya kwanza. TANU iliingia Njombe kupitia walimu, makarani na manamba waliorudi, watu ambao chifu hakuwa na uwezo mkubwa juu yao.

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, lakini kwa mwaka mmoja Elizabeth II alibaki malkia wa nchi, akiwakilishwa na Richard Turnbull kama gavana mkuu. Tarehe 9 Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, Julius Nyerere akawa rais, na viapo vya watumishi wa serikali vikahama kutoka kwa malkia kwenda kwa jamhuri. Adam Sapi akawa spika wa bunge. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa. Mabaraza ya wilaya na maofisa walioteuliwa na serikali walichukua kodi, mahakama na ardhi. Upangwa, uliokuwa ukitawaliwa kutoka Njombe, baadaye ulipata wilaya yake ya Ludewa, na mwaka 2012 wilaya hiyo ikaingia katika mkoa mpya wa Njombe uliomegwa kutoka Iringa.